Anko, biti yangu bora inatakiwa na mwingine: niuze au niibakize kwenye albamu?

Shikamoo Anko,

Mimi ni prodyuza, halafu ni mchanaji. Nimetanguliza uprodyuza kwa sababu ndivyo watu wanavyonitambua. Hilo la pili wengi hulisikia nikilitaja mwenyewe, na wakishalisikia hutabasamu.

Nina albamu yangu ya kwanza ambayo inakwenda mwaka wa tatu sasa. Biti zote nimepiga mimi, mistari nimeandika mimi, nimejirekodi chumbani, nimemiksi mwenyewe. Sina lebo wala meneja. Niliamua hivyo tangu mwanzo, ili siku ikitoka asije mtu akasema fulani ndiye aliyenibeba. Nyimbo ziko 21. Kila nikisema basi, imekwisha, nasikia kasoro. Leo kiki, ile ngoma nzito ya chini, iko mbele mno, kesho besi imemeza kila kitu, keshokutwa naona biti nzima imepitwa na wakati, naifumua na kuanza upya. Wimbo wa nne peke yake una matoleo tisa kwenye kompyuta, na la mwisho nimeliandika "mwisho kabisa safari hii kweli".

Sasa yamenikuta mengine. Kuna rapa mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, jina lake kubwa kuliko langu mbali sana. Alikuja kurekodi, na nilipokuwa natafuta faili lake nikagusa biti ya huo wimbo wa nne. Alikuwa amezama kwenye simu, akainua kichwa. Akaniambia hiyo anaitaka, na anaitaka iwe yake peke yake. Nikamwambia ni ya albamu yangu. Akacheka, wala si kwa ubaya, akasema: "Mwanangu, wewe kwenye biti ni hatari. Kuchana tuachie sisi." Kisha akataja kiasi ambacho sijawahi kulipwa kwa biti moja. Amenipa hadi mwisho wa mwezi nimjibu.

Anko, lile neno limenikaa rohoni. Pesa naihitaji, sikufichi. Lakini nikiitoa ile biti naona kama albamu nzima imetolewa uti wa mgongo.

La pili linanihusu mimi na rafiki yangu tuliyeanza naye muziki. Ameimba viitikio vya nyimbo tatu, na kimoja kati ya hivyo alikitunga yeye mwenyewe, maneno na sauti. Maiki ninayorekodia pia ni yake, aliniachia nitumie. Hatukuwahi kuzungumza habari za pesa. Juzi nilimwonyesha kava ya albamu, akauliza, jina langu liko wapi? Nikajibu hovyo, naye akajibu hovyo, tukaishia pabaya. Sasa anasema nusu ya albamu ni yake. Nusu, Anko!

La tatu ni wimbo wa tisa. Nimeujenga juu ya kipande cha rekodi ya zamani, sekunde chache za mama mmoja anaimba. Nimezipunguza mwendo na kuzizungusha. Wenzangu wananiambia mimi ni mdogo, hakuna atakayehangaika na mimi. Na hao hao wananiambia albamu zimepitwa na wakati, siku hizi mtu anaachia wimbo mmoja mmoja.

Nimekuambatanishia nyimbo tatu: wa nne, wa tisa na wa kumi na mbili. Niambie ukweli bila kunionea haya. Niuze au nisiuze? Na je, mimi ni rapa kweli, au najidanganya?

Prodyuza wa Chumbani

* * *

Marahaba mpwa wangu,

Nimezisikiliza zote tatu, kwanza kwenye spika, halafu kwenye simu, mwisho kwenye hedifoni. Swali la biti nitalijibu. Ila niruhusu nianze na langu, ambalo hukuniuliza: sauti yako iko wapi?

Sina maana ya sauti ya kisanii, ile wanayosema kila msanii atafute yake. Nauliza sauti yenyewe, ile iliyotoka mdomoni. Kwenye wimbo wa nne, ubeti wa kwanza, una mistari hii miwili:

"Hedifoni ya sikio moja, nusu dunia naisikia,
Nusu iliyobaki nabuni, mpaka ngoma inatulia."

Nimeirudisha nyuma mara kadhaa ndipo nikalipata neno "nabuni". Kila ulipofika hapo sneya, ile ngoma kali inayochapa, ilipiga juu yake, na kinanda kikaja kuziba upenyo uliokuwa umebaki. Kwenye simu, ambako besi yako tamu haisikiki kabisa, palibaki kinanda, sneya, na mtu ananong'ona kwa mbali. Mpwa, huo ndio mstari bora niliousikia kwenye nyimbo zote tatu, na umeufukia.

Kiufundi dawa yake unaijua kuliko unavyojifanya. Maneno ya mtu yanaeleweka, kwa sehemu kubwa, katika eneo la hezi 2,000 hadi 5,000. Hapo hapo ndipo kinanda chako kinapong'aa na sneya yako inapochapa. Ukipandisha sauti bila kugusa hivyo vingine, utapandisha makelele. Shusha kinanda katika eneo hilo desibeli 2 au 3 pale tu unapochana, kata ngurumo za chini ya hezi 80 kwenye sauti yako, sneya ipunguze ukali badala ya kuipunguza yote. Ni kazi ya nusu saa. Tena wewe umeifanya mara nyingi, maana nyimbo za huyo mteja wako nimezisikia na kila silabi yake inakaa mbele ya biti.

Hapo ndipo ninaposhangaa. Wateja unawamalizia. Mtu anaingia kwako, anarekodi, ubeti ukilegea unamwambia rudia, sauti yake unaiweka mbele kwa sababu asiposikika hatakulipa, na siku mliyokubaliana anapewa wimbo wake. Wewe mwenyewe, mwaka wa tatu. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini wewe hujajaribu hata kujiandikisha kwenye foleni ya wagonjwa.

Angalia hayo matoleo tisa. Kwa maelezo yako mwenyewe umebadilisha kiki, besi, biti nzima. Hujaniandikia popote kwamba umebadilisha ubeti. Na ubeti wa pili wa wimbo huo ndio unaoomba kubadilishwa! Ubeti wa kwanza unanipeleka chumbani kwako usiku, hedifoni imekufa upande mmoja, kompyuta ya kuazima, unajifunza. Nikasubiri ubeti wa pili uniambie kilichofuata. Badala yake ukaanza kuniambia wewe ni mkali, hawakuwezi, wakae pembeni. Ni akina nani hao? Mistari kumi na sita ya kuwatisha watu ambao hata hujawataja. Mteja akikuletea ubeti kama huo baada ya ule wa kwanza, ungemwambia, kaka, hapa umeishiwa, nenda kaandike. Kwako ukafumua kiki.

Kubadilisha biti kunakupa raha ya kuona unafanya kazi, halafu hakukuweki hatarini. Biti zako zimeshasifiwa. Mistari ndiyo haijawahi kupimwa na mtu, na albamu isipotoka haitapimwa.

Sasa njoo kwenye swali lako.

Fanya hivi kabla hujamjibu huyo bwana. Chukua sauti yako ya wimbo wa nne ikiwa peke yake, iweke juu ya ngoma za kawaida kabisa na besi ya noti mbili, kitu ambacho ungekitengeneza wakati chai inapoa. Sikiliza mpaka mwisho. Wimbo ukikata roho, basi kilichokuwa kizuri ni biti, nawe uza bila kuangalia nyuma, ulipwe, maisha yaendelee. Ukisimama, hata kwa kuchechemea, una wimbo, na biti hiyo ina mwenyewe.

Mimi nimejaribu kwa njia ya kienyeji: ubeti wa kwanza nimeuandika kwenye karatasi na kuusoma kwa sauti bila biti yoyote. Unasimama. Kwa hiyo ushauri wangu, usiiuze. Ubeti wa pili uandike upya, na hiyo ndiyo namba moja ya albamu yako. Mbona umeificha nafasi ya nne?

Najua utafikiria njia ya katikati, umkodishie tu, halafu na wewe uitumie. Kwa biti nyingine ni biashara halali na watu wanaishi kwayo. Kwa hii, hapana. Kwanza yeye anataka ya peke yake, na ukimuuzia haki ya peke yake huna ruhusa tena ya kuitumia hata ukiwa ndiye uliyeipiga. Pili, hata akikubali kukodi, wimbo wake utatangulia kufika masikioni mwa watu, na siku wako ukitoka utaonekana ndio ulioiga. Juu ya hayo kuna mifumo ya kompyuta ya kutambua nyimbo mitandaoni, ambayo haijui nani alianza. Ikikuta rekodi mbili zenye mdundo uleule inaweza kuuwekea wako madai, ukabaki unaandika barua za kujieleza wiki nzima ya kuachia albamu.

Lakini pesa pia ni pesa, na sikufundishi kiburi cha njaa. Wimbo wa kumi na mbili mimi nimeufanyia jaribio hilohilo na umekata roho. Mistari yake ni ya kupita, umeichana kama mtu anayejaza fomu. Biti yake sasa, hiyo ni moto, na ina ule mwendo wa polepole na ule uwazi katikati ambao nadhani ndio uliomfanya jamaa aache simu. Mpelekee hiyo. Na ukimuuzia, muuzie kwa karatasi: jina lako liandikwe kama prodyuza, kiasi cha kulipwa sasa, na sehemu yako ya utunzi ibaki yako. Katika hip hop mwenye biti huhesabiwa mtunzi wa muziki, na kudai hadi nusu ya utunzi wa wimbo husika si jambo la ajabu. Ukichukua pesa ya mkupuo ukasahau hilo, wimbo ukija kuvuma utakuwa unausikia kama wapita njia wengine.

Kuhusu ile sentensi yake, kuchana tuachie sisi. Mtu anayetaka kununua kitu hawi hakimu mzuri wa kama ukiuze. Tena ni sentensi ya zamani. Kanye West alijulikana kwanza kwa kuwapigia wengine biti, na kabla ya albamu yake ya kwanza kutoka mwaka 2004 wakubwa wa lebo walikuwa wanasitasita kumwona kama rapa. Sikufananishi naye, usije ukatoka hapo umevimba. Ninachosema ni kwamba prodyuza anayechana ataambiwa hivyo mpaka siku watu watakapomsikia, na wewe hata anayekusikiliza kwa makusudi, kama mimi, hakusikii.

Nimeitaja sehemu ya utunzi, na hapo hapo rafiki yako anaingia. Maana huwezi kumdai rapa utunzi kwa sababu ulipiga biti, halafu ukamnyima utunzi mtu aliyetunga kiitikio.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, na kuna rekodi, ile masta mliyoifanya siku hiyo. Kwenye ule wimbo ambao kiitikio alikitunga yeye, rafiki yako ni mtunzi mwenzako, hilo halina mjadala, mnachojadili ni kiasi. Kwenye zile nyingine mbili alizoimba tu maneno uliyoandika wewe, ni mwimbaji: anastahili kutajwa, na anastahili malipo au asilimia ya rekodi kadri mtakavyoelewana. Maiki haitungi. Ilipe kodi, inunue, au irudishe kwa asante, lakini isiingizwe kwenye hesabu ya haki. Nyimbo ambazo hakuzigusa hana chake. Kwa hiyo nusu ya albamu hapana. Na wewe uliyekuwa unategemea asilimia zako 100, hapana vilevile.

Kaeni chini na karatasi moja kwa kila wimbo, si karatasi moja kwa albamu nzima. Andikeni jina la wimbo, majina yenu kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, nani kafanya nini, asilimia za utunzi zikijumlishwa zifike 100, asilimia za rekodi nazo zifike 100, tarehe, sahihi. Fanyeni kabla albamu haijatoka. Ikishatoka na ikaanza kuingiza chochote, kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake ya siku ile ya studio, na kumbukumbu hukua pesa zinapoonekana. Na msijadiliane kwa meseji za sauti usiku wa manane, tafadhali.

Ila kabla hata ya asilimia, lisome tena swali lake la kwanza. Hakuuliza pesa. Aliuliza jina lake liko wapi. Mtu ameimba nyimbo tatu, kakuachia maiki yake, kisha anaonyeshwa kava kama mgeni yeyote. Nadhani ile nusu ilizaliwa dakika hiyo. Nenda na jina lake likiwa limeshaandikwa kwenye orodha ya nyimbo, uone kama bado ataitaja nusu.

Wimbo wa tisa. Wenzako wanakudanganya, na wanakudanganya kwa upendo. Ile sauti ya mama yule inahitaji ruhusa mbili, moja ya mwenye rekodi na nyingine ya mwenye utunzi, na mara nyingi ni watu au kampuni tofauti. Ufupi wa sekunde zako si kinga ya kutegemea. Nchini Marekani mwaka 1991 mahakama iliamua dhidi ya rapa Biz Markie na kampuni iliyotoa albamu yake kwa kutumia kipande cha wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa; jaji aliianza hukumu yake kwa amri ya Biblia, usiibe, na albamu ikaondolewa sokoni. Tangu hapo suala la kuomba ruhusa likawa sehemu ya kazi ya hip hop kama kukunja nyaya.

Udogo wako utakukinga alimradi wimbo usipendwe, basi. Ukipendwa ndipo mwenye mali atakapousikia, na wakati huo yeye ndiye atakayepanga bei.

Kwa hiyo tafuta wenye haki uwaombe, na ujue majibu huchukua muda na yanaweza kuwa hapana. Ukirekodi upya ile sauti kwa mwimbaji mwingine, utakuwa umemkwepa mwenye rekodi, lakini ruhusa ya mtunzi bado unadaiwa. Wengi hapa huteleza. Njia ninayoipenda mimi kwa mtu asiye na wakili ni kuitoa kabisa. Mwite rafiki yako, mkishapatana, mwambie akuimbie kitu kipya chenye huzuni ileile, mashairi mapya, noti mpya, halafu kipunguze mwendo na kukizungusha kama ulivyofanya kile. Nimesikia ulivyoipanga ile sauti. Uhodari uko kwenye mpangilio wako, na huo hauhitaji ruhusa ya mtu. Kisha mwandikeni kwenye karatasi, maana hapo atakuwa mtunzi tena.

Nyimbo 21 ni nyingi. Albamu ya kwanza ya Nas, rapa wa Marekani, ya mwaka 1994, ina vipande 10 na haifiki dakika 40, na miaka yote hii hakuna aliyelalamika kwamba alipunjwa. Usidhani pia wingi unaongeza mapato: Spotify, ule mtandao wa kusikilizia muziki, tangu 2024 hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Nyimbo kumi za kujazia zitakaa chini ya mstari huo huku zikimchosha msikilizaji kabla hajafika kwenye zile nzuri. Kila wimbo upitishe kwenye lile jaribio la ngoma na besi ya noti mbili. Zinazosimama ndizo albamu. Zinazokata roho, biti zake una wateja wa kuwapelekea, na ghafla hiyo pesa unayoihitaji ina njia nyingine ya kuja.

Hilo la albamu au wimbo mmoja mmoja lisikutoe jasho, kwa sababu vinakwenda pamoja. Achia nyimbo mbili kwanza zikiwa zimepishana wiki kadhaa, halafu albamu nzima ikiwa na hizo mbili ndani. Hakikisha tu kila rekodi inabaki na namba yake ileile ya utambulisho, ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12, ili hesabu ya wasikilizaji iliyokwisha kupatikana isianze sifuri. Siku ya kuachia, Ijumaa. Biashara ya muziki duniani ilikubaliana na siku hiyo tangu Julai 2015. Faili zifike kwa msambazaji mwezi mzima kabla, maana kuna kusahihisha majina, kuna kava kukataliwa, na kwa Spotify ombi la kupendekeza wimbo kwa wahariri wake wa orodha linatakiwa liwe limeingia angalau siku 7 kabla ya kutoka.

Kazi ya masta, yaani kuisawazisha sauti kwa mara ya mwisho kabla ya kuachia, mpe mtu mwingine. Najua umeapa hakuna atakayekubeba, lakini anayefanya masta habebi mtu, anasikiliza tu kwa masikio ambayo hayajachoka. Wewe wimbo wa nne umeusikia mara nyingi mno hata huwezi tena kusikia kwamba neno "nabuni" halipo. Na mwambie asiupandishe mpaka ulie. Spotify husawazisha ukubwa wa sauti kwenye kiwango cha -14 LUFS (LUFS ni kipimo cha ukubwa huo) kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa hiyo wimbo uliobanwa ukapiga kelele utashushwa tu, na utabaki umebanwa.

Umeuliza kama wewe ni rapa. Kwa ubeti wa kwanza wa wimbo wa nne, ndiyo. Kwa ubeti wake wa pili, bado. Kwa wa kumi na mbili, ulikuwa unawaza biti.

Fanya sasa kama ungefanya kwa mteja. Jiandike kwenye kalenda ya studio kwa jina lako la kuchana, siku na saa, na mteja mwingine akiiomba saa hiyo mwambie imechukuliwa. Ukifika, kompyuta iwe na biti iliyofungwa, faili moja la mdundo wote, si vipande vyake, ili hata mkono ukiwasha usiweze kugusa kiki. Rekodi ubeti mara tatu, chagua, ondoka. Yale matoleo mengine nane ya wimbo wa nne yahamishie kwenye diski ya nje na umpe rafiki yako akutunzie.

Na huyo bwana usimsubirishe hadi mwisho wa mwezi, si adabu ya biashara. Mwandikie kesho: "Kaka, ile ina mwenyewe, inatoka na mimi. Nina nyingine ya mwendo uleule, njoo uisikie." Akija, mchezee ya wimbo wa kumi na mbili ukiwa umeshaitoa sauti yako, na ile karatasi ya makubaliano iwe imechapwa tayari, nakala mbili.

Anko